Chawa wa kichwani kwa watoto: kunyoa, kitana, dawa ya kupaka au vidonge?

Mtoto akishaonekana na chawa, Tanga ushauri haukosekani. Jirani atasema mnyoe, bibi atasema mpake mafuta ya nazi, duka la dawa litatoa chupa ya BBE (dawa ya upele ya kupaka, benzyl benzoate), na hatokosa mtu wa kutaja mafuta ya taa. Huo wa mwisho ni wa kukataliwa moja kwa moja, na sababu zake zimeelezwa chini. Mwingine wote una mahali pake, ila haufai kila kichwa. Yanayoamua ni matatu: nywele za mtoto zikoje, ana umri na uzito gani, na kama nyumbani kuna mtu mzima atakayekaa naye tena siku ya 9 kwa moyo uleule wa siku ya kwanza. Hilo la tatu ndilo linaloangusha nyumba nyingi.

Hesabu ya siku, ambayo njia zote zinaitegemea

Chawa jike hutaga hadi mayai manane kwa siku. Kila yai huligandisha kwenye unywele, karibu sana na ngozi, kwa kawaida ndani ya milimita 6, kwa sababu linahitaji joto la kichwa. Yai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 9. Chawa mchanga huchukua wiki moja hadi siku 12 kukomaa, ndipo naye aanze kutaga. Akiwa kichwani huishi kama mwezi mmoja. Akianguka chini hufa ndani ya siku mbili kwa kukosa damu.

Dawa nyingi za kupaka huua chawa wanaotembea lakini huacha mayai. Ukipaka mara moja na kuridhika, wiki ijayo mayai yanaanguliwa na unaambiwa chawa wamerudi, ilhali hawakuwahi kuondoka. Ukirudia siku ya 9, mayai yote ya awali yameshaanguliwa na waliotoka humo bado hawajataga. Ukirudia siku ya tatu umepoteza dawa, na ukingoja wiki tatu umewapa nafasi ya kuanza upya.

Chawa hana mbawa na hawezi kuruka. Hutambaa kutoka kichwa hadi kichwa vinapogusana: watoto wanaolala kitanda kimoja, wanaoinamia juzuu moja chuoni, wanaobanana dawati moja shuleni. Uchafu si chanzo. Chawa hukaa vizuri kwenye kichwa kilichooshwa asubuhi kama kwenye kile ambacho hakijaoshwa wiki nzima, kwa hiyo mtoto asisemwe wala asichapwe. Wala kuoga baharini Raskazone hakumwondolei, kwa kuwa chawa hushika unywele na anaweza kustahimili kuwa ndani ya maji kwa saa kadhaa.

Hakikisha kwanza ni chawa

Vichwa vingi vinavyopakwa dawa havina chawa. Vina mba, ukurutu, mapunye, au mabaki ya mafuta mazito ya nywele. Mba ukiupuliza au ukiugusa unatoka. Yai la chawa halitoki, unalivuta kwa kucha ukifuata unywele. Mapunye huacha duara lenye magamba na nywele zilizokatika. Hayo ni fangasi, na dawa ya chawa haiyagusi.

Kaa na mtoto kwenye mwanga wa mchana, mlangoni au uani. Gawa nywele na utazame nyuma ya masikio na kisogoni, ndiko wanakopenda. Unatafuta chawa anayetembea: mkubwa ana ukubwa wa punje ya ufuta, rangi ya kijivu au kahawia. Yai lililo hai lina rangi ya kahawia na liko karibu na ngozi. Jeupe lililo mbali zaidi ya sentimita moja ni ganda tupu la zamani, kwa kuwa nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi. Maganda matupu peke yake si sababu ya kupaka dawa. Kuwashwa nako si kipimo: mtoto anayepata chawa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kujikuna, na mwingine akaendelea kujikuna siku kadhaa baada ya chawa wote kufa.

Kunyoa

Kwa mtoto mwenye nywele za kipilipili zilizo fupi tayari, kunyoa ndiyo njia ya haraka, ya bei ndogo na ya uhakika kuliko zote. Haina sumu, haihitaji kurudiwa siku ya 9, na kwa kuwa shule nyingi za msingi za serikali hutaka nywele fupi, mtoto hatajitofautisha na wenzake.

Kosa linalofanyika ni kunyoa juu juu. Mashine ya kinyozi ikiwekwa chanuo namba mbili huacha milimita 6, yaani sehemu ileile yenye mayai. Namba moja huacha milimita 3, bado yanasalia. Mwambie kinyozi aondoe chanuo kabisa, apitishe mashine tupu, kisha kichwa kioshwe kwa sabuni. Nywele zilizonyolewa zikusanywe kwenye gazeti, zichomwe au zifukiwe.

Hatari ya kunyoa iko kwenye mashine. Mashine isiyosafishwa huhamisha mapunye, na wembe uliotumika kwa mwingine huweza kuhamisha homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Usione haya kumwambia kinyozi asafishe meno ya mashine kwa spiriti mbele yako. Nyumbani, wembe uwe mpya kwa kila mtoto. Kama kichwa kina vidonda vya kujikuna vyenye usaha, wembe usipite. Mashine ipite kwa upole, au vidonda vitibiwe kwanza.

Pale tunapokataa kunyoa ni kwa msichana mwenye nywele ndefu asiyetaka. Kumnyoa kwa nguvu binti wa miaka kumi kwa ajili ya mdudu asiyeleta ugonjwa mwingine ni kumtia fedheha bure, hasa zikiwapo njia nyingine zinazofanya kazi. Chawa wa kichwani hasambazi homa. Anayesambaza ni chawa wa mwilini, aishiye kwenye mishono ya nguo, na huyo ni habari nyingine.

Kitana

Hii ni njia ya nywele za singa na za mawimbi, na pia ndiyo kipimo cha kujua kama njia nyingine imefanya kazi. Kinachotakiwa ni kitana cha chawa chenye meno ya chuma, marefu, yaliyobanana kiasi cha milimita 0.2 hadi 0.3. Vile vya plastiki meno hupinda na chawa wachanga wakapita katikati. Chanuo la kawaida halikamati kitu.

Osha nywele kwa shampuu. Zikiwa bado mbichi paka kondishna nyingi, au mafuta ya nazi kama kondishna haipo. Fumua mafundo kwa chanuo lenye meno mapana. Gawa kichwa sehemu nne, na kila sehemu uichukue kwa vishungi vidogo. Gusisha meno ya kitana kwenye ngozi, vuta taratibu hadi nchani, kisha futa kitana kwenye kitambaa cheupe na utazame kilichotoka. Ukimaliza kichwa kizima, suuza, na urudie kichwa kizima mara ya pili. Nywele za mabegani huchukua nusu saa au zaidi. Mtoto apewe kitu cha kumshughulisha, la sivyo utakatiza kabla ya kisogo, na kisogoni ndiko waliko.

Ratiba ni siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13. Siku ya 17 ni ya kukagua. Kila mara unakamata walioanguliwa tangu ulipopita, kabla hawajataga. Ukikuta chawa mkubwa siku ya 9 au ya 13, huyo ametoka kichwa kingine: kuna mtu ndani ya nyumba au rafiki ambaye hakukaguliwa.

Je, kitana kinatosha bila dawa? Majaribio mawili ya Uingereza yalitoa majibu yanayopingana. La Wales mwaka 2000 lilikuta dawa ya malathion ikiponya watoto 78 katika kila 100, na kitana 38. La mwaka 2005, kwa kitana kilichoboreshwa, lilikuta kitana kikiponya 57 na dawa za dukani 13 tu. Tofauti hiyo inaelezwa zaidi na usugu: chawa wakishazoea dawa, mkono wenye subira huishinda chupa. Tena hao walikuwa watoto ambao wengi wao nywele zao hupitika kitana. Kwenye nywele za kipilipili ndefu, kitana mara nyingi hakifiki kwenye ngozi hata kwa mafuta. Kisipofika, usikilazimishe. Utamuumiza mtoto, utakata nywele, na mayai yatabaki palepale. Hamia kwenye dawa.

Nywele zilizosukwa lazima zifumuliwe kwanza, ziwe twende kilioni au rasta. Hakuna kitana wala dawa inayofanya kazi ipasavyo juu ya msuko. Mtoto asisukwe tena hadi marudio ya mwisho yapite, na msusi aambiwe aoshe vitana vyake kwa maji ya moto.

Dawa ya kupaka

Permethrin asilimia 1 ndiyo ya kuulizia kwanza famasi. Hutumika kuanzia mtoto wa miezi miwili. Osha nywele kwa shampuu isiyo na kondishna, kausha kwa taulo hadi ziwe na unyevu tu, lowesha nywele zote kwa dawa kuanzia nyuma ya masikio na kisogoni, ngoja dakika 10 ukitazama saa, suuza. Rudia siku ya 9. Mtoto afumbe macho kwa kitambaa, na usuuzie kwenye beseni akiwa ameinama, asiogeshwe mwili mzima ili dawa isimwagike mwilini.

Inaposhindwa, sababu huwa hizi. Nywele zilikuwa na mafuta, na dawa ikateleza juu yake. Kwa pwani, ambako kichwa kupakwa mafuta kila siku ni kawaida, hili tunalitaja la kwanza kwa makusudi. Au dawa ilikuwa kidogo: chupa ya mililita 60 haitoshi nywele zinazopita mabega. Au haikurudiwa. Au chawa ni sugu. Utajua hivi: kagua saa 8 hadi 12 baada ya kupaka. Ukiona wachache wanaojikokota, dawa inafanya kazi, chana waliobaki. Ukiona wanatembea kwa kasi ileile kama jana, badilisha dawa, usiongeze kipimo.

BBE inapatikana kirahisi na watu wameizoea kwa upele. Inaua chawa, lakini huunguza ngozi iliyochunika, na kwa mtoto mwenye vidonda vya kujikuna kilio hakiepukiki. Ile ya asilimia 25 ni ya mtu mzima. Ya mtoto huongezewa maji kiasi sawa na dawa ili ibaki asilimia 12.5, na kwa mtoto mchanga hatuishauri kabisa. Hukaa kichwani saa 24 na macho yalindwe muda wote huo. Tukilinganisha, permethrin ni dakika 10 bila maumivu. BBE ni siku nzima ya kuchunga mikono ya mtoto isiende machoni. Ichague pale tu permethrin inapokosekana.

Dimethicone asilimia 4 si sumu ya wadudu. Ni mafuta ya silikoni yanayomfunika chawa hadi afe, hivyo usugu wa permethrin hauihusu. Hupakwa nywele zikiwa kavu, hulala nayo saa 8, huoshwa, hurudiwa baada ya siku 7. Ukiipata, ni chaguo zuri kwa nywele ndefu. Inashika moto: mtoto asikaribie jiko la mkaa wala kibatari hadi kichwa kioshwe.

Lindane, dawa ya zamani, usiikubali kwa mtoto. Hudhuru mishipa ya fahamu na inaweza kuleta degedege.

Vidonge vya ivermectin

Wakazi wengi wa Tanga wanaijua ivermectin kutokana na ugawaji wa dawa za matende na mabusha, na wa Muheza na Korogwe kutokana na usubi. Kwa chawa hutolewa kwa uzito, mikrogramu 200 kwa kila kilo, na dozi ya pili baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu nayo haiui mayai. Ndiyo maana dozi moja ya ugawaji haimalizi chawa hata kama mtoto aliimeza vizuri.

Uwezo wake ni mkubwa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010, kwa watu ambao dawa nyingine ziliwashinda, lilitumia dozi mbili za mikrogramu 400 kwa kilo na kuponya 95 katika kila 100, wakati malathion iliponya 85. Lakini si njia ya kuanzia. Haipewi mtoto aliye chini ya kilo 15 wala mama mjamzito, na dozi iandikwe na tabibu baada ya kumpima mtoto kwenye mizani. Tunaiona inafaa zaidi kwa nyumba yenye watoto wengi wenye nywele ngumu kuchana, au bweni ambalo limeshindwa na permethrin. Ivermectin ya sindano ya ng'ombe si ya kumnywesha mtu, hata tone.

Mafuta ya nazi, siki, mwarobaini

Mafuta ya nazi yanalegeza chawa na kurahisisha kitana. Kwa kazi hiyo yatumie bila woga. Peke yake hayatoshi, kwani chawa anaweza kuziba matundu yake ya kupumulia na kungoja, na mayai hayaguswi. Siki haiyeyushi gundi ya mayai kama inavyosemwa. Mafuta ya mwarobaini yasiachwe karibu na mtoto mdogo: akiyanywa, yanaweza kumtia degedege na kumuua.

| Njia | Nywele gani | Marudio | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Kunyoa mashine tupu | Fupi, za kipilipili | Hakuna | Chanuo limeachwa kwenye mashine, fedheha |
| Kitana cha chuma | Za singa, mawimbi | Siku 1, 5, 9, 13 | Hakifiki kwenye ngozi. Subira kuisha |
| Permethrin 1% | Zote, zilizofumuliwa | Siku ya 9 | Nywele za mafuta, kutorudia, usugu |
| Ivermectin | Zote, kilo 15 kwenda juu | Siku 7 hadi 10 | Dozi moja tu. Bila kupimwa uzito |

Yasiyolinganishwa, kwa sababu yanaua

Mafuta ya taa huunguza ngozi ya kichwa, mvuke na matone yake huingia mapafuni, na cheche moja ya jiko inatosha kuwasha kichwa cha mtoto. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya kuhifadhia mahindi, na ya kupulizia mbu au kunguni hupenya ngozi, hasa iliyochunika. Malathion ya famasi na malathion ya duka la pembejeo si kitu kimoja, ingawa jina ni moja. Hiyo ya shambani haikutengenezwa kwa ngozi ya mtu.

Kama mtu ameshampaka mtoto, mvue nguo, mwoshe kichwa na mwili kwa maji mengi na sabuni, usimtapishe. Akianza kutokwa mate au jasho jingi, macho kuwa na mboni ndogo, kutapika, kutetemeka au kupumua kwa shida, mpeleke hospitali ya Bombo au kituo cha karibu saa hiyohiyo, na ubebe chupa ya ile dawa ili daktari aisome.

Nyumbani, shuleni, chuoni

Kagua kila aliye ndani ya nyumba siku moja, pamoja na dada wa kazi na bibi. Atibiwe mwenye chawa hai, na anayelala naye kitanda kimoja, wote siku ileile. Mitandio, kofia, foronya na shuka zilizotumika siku mbili zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 55 au zaidi, au zianikwe na kupigwa pasi. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko wa plastiki wiki mbili. Vitana viloweke maji ya moto dakika 10. Godoro, mkeka na kuta havihitaji kupuliziwa dawa. Kufagia na kuanika kunatosha.

Mtoto aliyepakwa dawa au kunyolewa jioni anaweza kwenda shule kesho yake. Mwalimu na ustadhi waambiwe, faraghani, ili wazazi wengine wakague wiki hiyohiyo. Darasa likitibiwa kwa vipande, wa leo anaambukizwa upya na wa wiki ijayo.

Mtoto wa chini ya miezi miwili hapakwi dawa yoyote; chawa hutolewa kwa vidole na kitana. Na mtoto yeyote mwenye usaha kichwani, matezi yaliyovimba nyuma ya shingo, au homa, aonwe na tabibu kabla ya dawa ya chawa, kwa kuwa vidonda hivyo huenda vikahitaji antibiotiki na permethrin ikangoja siku chache.